Je, Wajua? Joto la Pombe, Kutoka Mtungi wa Kongo Hadi Kegi ya Chuma

Je, wajua kwamba makao makuu ya Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya yako kati ya Kawangware na Kibera? Yapo Dagoretti Corner, kando ya Barabara ya Ngong, karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Upande mmoja ni Kongo na mitaa mingine ya Kawangware, na upande wa pili ni Kibera. Kwa hiyo joto linalopimwa pale ndilo joto la vichochoro vya mitaa hiyo, na mtu yeyote anayepika pombe angefaa kulijua. Mwezi wa Julai, usiku hushuka hadi nyuzi 11 au 12, na mchana haupandi sana zaidi ya 22. Februari na Machi mchana hufika 26 hivi. Ukichukua wastani wa mwaka mzima unapata nyuzi 18 au 19.

Wastani huo ni neema. Hamira inayochachusha bia za aina ya eli, zile ambazo hamira yake hufanya kazi upesi na kupanda juu ya chombo, hupenda nyuzi 18 hadi 22. Watu wa Mombasa au Dubai hulipia umeme mwingi kupata hali ambayo Nairobi huipata bure kwa miezi kadhaa. Tatizo ni kwamba hamira haili wastani. Chumba cha mabati kisicho na dari huwaka saa nane mchana na kuganda alfajiri, na pombe iliyomo ndani hupanda na kushuka pamoja nacho. Kazi yote ya kurekebisha kegi, yaani pipa la chuma la bia, ili ichachushe kwa joto lililodhibitiwa ni kuzuia kupanda na kushuka huko. Chombo ni cha kisasa, lakini kazi yenyewe ni ya zamani sana katika mitaa hii.

*

Je, wajua kwamba pombe inayochachuka hujipasha moto yenyewe?

Hamira ikila sukari hutoa vitu vitatu: kileo, gesi ya kabonidioksidi na joto. Hilo la tatu ndilo husahauliwa. Tuchukue kegi ndogo iliyojazwa lita 16 za maji ya kimea ya nguvu ya kawaida ya bia. Ndani yake mna karibu kilo 2 za sukari na jamaa zake, na hamira itakula kama kilo 1.3. Joto litakalotoka ni kilojuli 700 na zaidi, na kama lisingepata pa kutokea, lingeipandisha pombe ile kwa nyuzi 11 hivi. Chumba kikiwa na nyuzi 20, pombe ingekaribia 31.

Bila shaka joto hutoka polepole kupitia kuta za chombo, kwa hiyo tofauti halisi huwa ndogo, mara nyingi nyuzi 3 hadi 5 siku ya pili au ya tatu, wakati povu limefura. Lakini hizo nyuzi chache zinatosha kuharibu. Ndiyo maana kipimajoto kilichotundikwa ukutani hakimwambii mpishi lolote la maana. Kinapaswa kugusa chombo chenyewe na kufunikwa kwa kitambaa kizito au kipande cha godoro ili kisisome hewa ya chumba. Au, bora zaidi, kiingie ndani ya pombe.

*

Chombo kikubwa hushika joto kuliko kidogo. Kadiri kinavyokua, ujazo wake huongezeka upesi kuliko ngozi yake ya nje, na joto hutokea kwenye ngozi. Mtungi wa lita 10 unaweza kujipoza wenyewe usiku wa Julai. Dramu ya lita 200 haiwezi, na tangi la kiwanda lingejipasha moto hadi kuharibu bia kama lisingezungushiwa mabomba ya maji baridi.

*

Je, wajua kwamba wapika busaa hudhibiti joto mara tatu katika pombe moja?

Busaa ni pombe ya Waluhya na Waluo zaidi, na Kawangware yenye wakazi wengi kutoka Magharibi mwa Kenya imeijua tangu mitaa hiyo ijengeke. Unga wa mahindi huchanganywa na maji ukaachwa siku mbili tatu uchachuke kwa bakteria wa kuchachusha maziwa, wale wale wanaoleta ukali wa mtindi. Kisha unga huo mbichi na mchachu hukaangwa juu ya bati au karai pana, ukigeuzwa kwa koleo mpaka uwe wa kahawia na kutoa harufu ya mkate. Moto huo hufanya kazi kubwa tatu kwa pamoja: huua bakteria ili uchachu usiendelee bila kikomo, huivisha wanga ili uweze kugeuzwa sukari, na huleta rangi na ladha.

Baada ya hapo unga hukorogwa na maji kuwa uji, na mchanganyiko hupoa. Hapa ndipo mkono wa mpishi hupima. Kimea cha wimbi, yaani wimbi lililooteshwa, likakaushwa na kusagwa, hakitiwi kwenye uji wa moto wa kuchemka, kwa sababu vimeng'enya vyake hufa. Kikitiwa kwenye uji uliopoa kabisa, kazi ya kugeuza wanga kuwa sukari huenda kwa kujikokota. Mpishi mzoefu huingiza mkono, na mkono humwambia. Kisha mtungi hufunikwa na kuwekwa pahali penye fukuto, karibu na jiko au kona isiyo na upepo, kwa siku mbili hadi nne. Busaa hupenda joto kuliko bia, nyuzi 25 hadi 30, na Julai ya Kongo haitoi joto hilo bila msaada. Matokeo ni pombe nzito, yenye chakula ndani yake, na kileo cha asilimia 2 hadi 5.

Joto la tatu huja wakati wa kunywa. Pale ambapo wazee huketi kuzunguka chungu kimoja na mirija mirefu, kama ilivyo desturi ya Waluhya na ya Wateso wa Kenya na Uganda, maji ya moto huongezwa chunguni kila kinywaji kinapopungua. Maji hayo huvuta ladha iliyobaki katika machicha.

Wapishi wengi wa mitaani ni wanawake, na ujuzi huu wa joto hawakuupata darasani. Mimi nauhesabu kuwa sayansi kamili. Una kipimo, una utaratibu, una matokeo yanayorudiwa wiki baada ya wiki, na mteja huonja na kusema ukweli papo hapo.

*

Muratina ya Wakikuyu nayo ina siri yake. Tunda la mwegea, lile refu na zito linaloning'inia kwa kikonyo kama soseji, hukaushwa na kupasuliwa. Haliwekwi kwa ajili ya utamu. Nyuzinyuzi zake ndiyo nyumba ya hamira. Likishatumiwa katika pombe ya asali au ya maji ya miwa, hutolewa, hukaushwa na kuhifadhiwa, na hamira hubaki imelala ndani yake ikisubiri pombe ijayo. Kibuyu cha muratina huwekwa karibu na mekoni, kwa sababu nyanda za juu za Kiambu na Nyeri ni baridi kuliko hata Nairobi. Tunda hilo hufanya kazi ya maabara, na mafiga matatu hufanya kazi ya thamostati.

*

Je, wajua kwamba katika nchi za Maziwa Makuu ardhi yenyewe ndiyo chombo cha joto? Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo ya mashariki, ndizi za pombe huivishwa ndani ya shimo lililotandikwa majani ya mgomba, likapashwa moto na kufunikwa kwa siku kadhaa. Udongo hushika fukuto hilo mchana na usiku. Maji ya ndizi yakikamuliwa hutiwa unga wa mtama uliokaangwa, yakaachwa katika mtumbwi wa mti uliofunikwa kwa majani ya mgomba.

Mambo ni tofauti kabisa pwani. Pombe ya mnazi, iitwayo tembo, huanza kuchachuka kabla haijateremshwa kutoka mtini. Joto la Kilifi au Tanga, nyuzi 27 na zaidi, huifanya hamira ya porini kuishambulia tembo tamu ya asubuhi hivi kwamba jioni ni kali na kesho yake inaelekea siki. Mgema hana uwezo wa kupunguza joto, kwa hiyo hudhibiti saa: hupanda alfajiri na jioni, huosha kibuyu chake, na huuza siku hiyo hiyo. Ulanzi wa Iringa, unaogemwa kutoka kwenye mianzi michanga msimu wa mvua, nao huenda vivyo hivyo, ila baridi ya nyanda za juu huupa muda kidogo zaidi.

*

Polisi wengi wa Nairobi waliowahi kufanya msako wa chang'aa, pombe kali ya kienyeji ya kuvukizwa, wameona madramu yaliyofukiwa kwenye kingo za mito au kuzamishwa majini. Ndani yake mna kangara, yaani mchanganyiko unaochachuka kabla ya kupikwa na kuvukizwa. Yanafichwa, hilo ni wazi. Lakini ardhi hufanya jambo la pili: nusu mita chini ya uso wa udongo, kupanda kwa joto mchana na kushuka kwake usiku karibu hakutambuliki kabisa. Dramu iliyofukiwa hukaa katika joto moja, na joto lake la kuchachuka hufyonzwa na udongo unaoizunguka. Mpishi anayejificha sheria amejikuta na chumba cha joto lililodhibitiwa bila kulipa stima. Ubaya ni uchafu. Maji ya Mto Ngong yakipenya katika dramu iliyotoboka, hakuna hamira itakayoyasafisha.

*

Je, wajua kwamba historia ya Kibera na pombe ilianza na jeshi? Wanubi waliopewa ardhi ya Kibra, yaani Kibera ya leo, mwanzoni mwa karne ya 20 walikuwa askari wa King's African Rifles na familia zao. Wengi walitokana na vikosi vya Wasudani vya Emin Pasha, ambavyo nahodha Frederick Lugard alivikuta Kavalli, karibu na Ziwa Albert katika nchi ambayo leo ni Kongo ya mashariki, akavichukua mwaka 1891. Pensheni haikuwa kitu cha kutegemea, na wanawake wa Kinubi walipata riziki kwa kuvukiza kileo kikali ambacho Nairobi nzima ilikijua kwa jina la jini ya Kinubi. Wakuu wa kikoloni walikitumia kileo hicho kama hoja moja ya kutaka kuwahamisha Wanubi kutoka Kibra. Wakati huo huo, katika miaka ya 1920, baraza la mji lilijipa haki ya peke yake ya kuuza pombe ya kienyeji kwa Waafrika, kwa kufuata mtindo wa mji wa Durban, na faida ikatumika kugharimia huduma za wenyeji. Aliyepika nyumbani akawa mhalifu kwa kushindana na serikali yake.

Sheria ya kupiga marufuku chang'aa ilipitishwa mwaka 1980. Ilifutwa na Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010, ambayo Wakenya huiita Sheria ya Mututho kwa jina la mbunge wa Naivasha aliyeipigania, John Mututho. Tangu hapo chang'aa si haramu kwa jina lake, lakini kutengeneza na kuuza kileo chochote kunahitaji leseni, na kileo cha kwenye karatasi ndogo za plastiki kimekatazwa. Mama pima wa kichochoroni, anayeuza kwa kipimo cha glasi, mara nyingi hawezi masharti ya leseni hiyo.

*

Hili naomba lisomwe polepole, kwa maana limegharimu maisha. Watu wengi huamini kwamba pombe ya kienyeji huua au kupofusha kwa sababu imechachuka vibaya, au kwa joto baya. Si kweli. Nafaka na sukari vikichachuka hutoa methanoli kidogo mno, kwa kuwa methanoli hutokana hasa na pektini iliyomo katika matunda. Vifo vya halaiki, kama vile vya Novemba 2000 katika mitaa ya Mukuru ambapo zaidi ya watu 130 walikufa, vilitokana na methanoli ya viwandani iliyotiwa ili kuongeza ukali na faida. Joto baya huleta ladha mbaya na kichwa kuuma. Muuaji ni mtu aliyemimina kemikali.

*

Je, wajua kwamba watawala waliwahi kutunga sheria kwa ajili ya joto la bia? Mwaka 1553 mtawala wa Bavaria, Albrecht V, aliamuru kwamba bia isipikwe kati ya 23 Aprili na 29 Septemba. Bia ya kiangazi ilikuwa inaharibika, na hakuna aliyejua sababu. Mapishi ya majira ya baridi pekee yalichagua, bila mtu kukusudia, hamira inayovumilia nyuzi 8 hadi 13, ambayo ndiyo mama wa bia za laga ikiwemo Tusker. Kisha katika miaka ya 1870 Carl von Linde akatengeneza mashine za kupozea kwa ajili ya kiwanda cha bia cha Spaten mjini Munich. Friji iliyopo jikoni kwako ni mjukuu wa mashine hizo. Mwaka 1883 Emil Christian Hansen, katika maabara ya Carlsberg nchini Denmark, alifanikiwa kuotesha hamira safi kutoka chembe moja tu, na kampuni ikawapa washindani wake bila malipo.

Kwa hiyo ndugu Hurst walipoanzisha kiwanda chao cha bia huko Ruaraka mwaka 1922, mambo yote mawili, mashine ya baridi na hamira safi, yalikuwa tayari. George Hurst aliuawa na tembo mwaka uliofuata, na tembo huyo yuko kwenye chupa ya Tusker mpaka leo.

*

Kegi yenyewe iliingia Kibera na Kawangware kwa kishindo mwaka 2004, East African Breweries ilipoleta Senator, bia ya bei nafuu iliyokusudiwa kuwavuta wanywaji wa chang'aa. Serikali iliipa nafuu ya ushuru. Bia ya kuuzwa kwa kikombe kutoka kwenye pipa la chuma haina gharama ya chupa, kizibo wala lebo. Wateja waliibatiza Obama, kwani Barack Obama alikuwa seneta wakati huo. Oktoba 2013 ilipotozwa ushuru wa asilimia 50 mauzo yaliporomoka, na mwaka 2015 nafuu ikarudishwa. Wakulima wa mtama walihisi mtikisiko huo shambani, maana mtama wao ndio unaoingia ndani ya kegi.

Katika vilabu hivyo swali la kwanza ni lile lile la baa zote za Kenya: baridi au moto? Na wapo wengi wanaojibu moto, yaani ya joto la chumba, hata Machi.

*

Je, wajua kwamba kegi inayopendwa zaidi na wapika bia wa nyumbani duniani haikutengenezwa kwa bia? Ni pipa jembamba la chuma cha pua la lita 19, lililotengenezwa kwa ajili ya kubebea shira ya soda. Kampuni ya Cornelius ya Minnesota, Marekani, ndiyo iliyolipa umaarufu, na wapishi hulifahamu kwa jina hilo. Pepsi na Coca-Cola zilitumia viunganishi tofauti ili mapipa yasichanganywe. Baadaye kampuni za soda zilihamia kwenye mifuko iliyo ndani ya maboksi, na mapipa kwa maelfu yakabaki bila kazi. Wapika bia wakayachukua.

Ubora wake uko kwenye mdomo. Kegi ya baa ina tundu moja dogo katikati, na huwezi kuingiza mkono kuisugua. Hii ya soda ina mfuniko wa umbo la yai unaofunguka kabisa, mkono unaingia, na juu ya mfuniko kuna vali ndogo ya kutoa shinikizo. Kando yake kuna viunganishi viwili: kimoja cha gesi kuingia, chenye mrija mfupi, na kingine cha kinywaji kutoka, chenye mrija mrefu unaofika chini kabisa.

Na hapo ndipo marekebisho huanza. Mrija mrefu ukiachwa ulivyo, utavuta kwanza matope ya hamira yaliyotulia chini. Fundi huukata kwa sentimita 2 au 3, akaulainisha ncha kwa tupa, na bia safi ikatoka juu ya matope. Wengine huuondoa na kuweka mpira laini wenye kielea, unaonyonya bia kutoka juu na kushuka nayo. Njia hii ni bora kwa maoni yangu, maana haikati kitu, na ukijuta unarudisha mrija wa zamani.

Marekebisho ya pili ni mfuko wa kipimajoto: bomba jembamba la chuma cha pua, lililozibwa chini, linalopenya mfuniko na kuzama katikati ya pombe. Kihisi cha umeme huingia ndani yake kikiwa kikavu na kusoma joto la pombe yenyewe. Ya tatu ni koili, bomba la chuma cha pua lililosokotwa na kushikizwa kwenye mfuniko, ambamo pampu ndogo hupitisha maji ya barafu kila kihisi kinapoomba. Mfuniko ndio wa kutobolewa, usiguse mwili wa kegi. Mfuniko ukiharibika hununuliwa mwingine. Mwili ukitobolewa vibaya, kegi imekwisha. Na matundu yote yachomelewe na fundi anayejua chuma cha pua, kwa kulehemu kunakofaa chakula, kisha yasuguliwe ndani mpaka yawe laini. Ufa mdogo wa kulehemu ni makazi ya bakteria ambao hakuna sabuni itakayowafikia.

Kabla ya kufungua au kutoboa chochote, gesi yote itolewe kwa vali mpaka sauti iishe. Kegi yenye shinikizo ikifunguliwa kwa spana hurusha vipande vyake kwa nguvu ya kuua. Na tusifichane: pipa kubwa la baa lenye nembo ya kiwanda ni mali ya kiwanda hicho hata kama linauzwa na mnunuzi wa vyuma chakavu. Kulikata ni kukata mali ya mtu.

*

Je, wajua ni gesi kiasi gani hutoka katika lita 16 za bia? Zaidi ya lita 400, za kujaza madramu mawili ya mtaani. Gesi hiyo ikizuiwa yote ndani ya kegi, shinikizo lingepita mara mbili ya kile ambacho kegi imeundwa kuvumilia. Kwa sababu hiyo kegi ya kuchachushia haifungwi kabisa. Hufungwa vali ya springi inayorekebishika, ambayo huachia gesi ikizidi kipimo kilichowekwa. Siku za mwisho za kuchachuka mpishi huikaza, na bia hujitia gesi yenyewe bila kununua mtungi wa kabonidioksidi. Usijaze pia hadi juu: lita 19 za chombo hubeba 16 au 17 za pombe, na nafasi iliyobaki ni ya povu.

*

Nani ana friji ya ziada mtaani Kongo? Wachache. Lakini beseni, taulo na maji vipo kila nyumba. Kegi husimamishwa ndani ya beseni la maji, ikavikwa taulo au gunia safi ambalo ncha yake imezama majini. Maji hupanda kwenye kitambaa na kuvukiza. Kila lita moja ya maji inayovukiza huondoka na joto la kilojuli 2,400 hivi. Nusu lita kwa siku, katika Januari kavu ya Nairobi, hubeba joto kubwa kuliko lote litakalozalishwa na hamira wiki nzima. Sehemu ya joto hilo hutoka hewani, siyo kwenye kegi pekee, lakini bado njia hii hushusha nyuzi kadhaa. Julai, hewa ikiwa na manyunyu, hufifia, ila Julai hatari iko upande mwingine: kegi huhitaji blanketi. Chupa za maji zilizogandishwa, zikibadilishwa asubuhi na jioni ndani ya beseni, huongeza uwezo siku za povu jingi.

Mwenye friji ya zamani hununua kidhibiti cha kielektroniki chenye kihisi, akakiunganisha kati ya friji na soketi. Joto likizidi kipimo kwa nusu nyuzi au moja, friji huwaka, likishuka, huzimika. Kidhibiti kiwekewe subira ya dakika 3 hadi 5 kati ya kuzima na kuwasha, la sivyo kompresa huungua. Stima ikipotea, usifungue mlango. Pombe yenyewe ni akiba ya joto: lita 16 zilizokingwa vizuri huchukua saa nyingi kabla ya kupanda hata nyuzi mbili.

*

Dalili za joto baya hutambulika kwa ulimi. Zaidi ya nyuzi 24, hamira nyingi za eli hutoa vileo vizito vinavyochoma koo na kufanya asubuhi kuwa ngumu. Joto likishuka ghafla kabla ya kazi kuisha, hamira hulala, na bia hubaki na harufu ya siagi au ya tufaha bichi. Dawa ya siagi ni kupandisha joto kidogo mwishoni, siku mbili tatu, ili hamira iyale masalia yake. Harufu ya ndizi mbivu katika bia za ngano za Ujerumani, kwa upande mwingine, hutafutwa makusudi, na joto ni mojawapo ya njia za kuiongeza. Siku tatu za kwanza ndizo za kulinda kwa wivu. Baada ya hapo bia husamehe.

Na kwa mtu wa Mombasa, Muscat au Dar es Salaam, kuna hamira za mashambani za Norwe zijulikanazo kama kveik. Zilihifadhiwa na wakulima kwa vizazi zikiwa zimekaushwa, mfano wa tunda letu la muratina, na huchachusha vizuri kwa nyuzi 30 hadi karibu 40. Mpishi wa pwani akizipata, hahitaji koili wala friji.

*

La mwisho ni la Nairobi peke yake na miji ya kimo chake. Maji huchemka Dagoretti kwa nyuzi 94 hivi, kwa hiyo hopsi zinazotia bia uchungu hutoa uchungu pungufu kuliko kitabu cha Uingereza kinavyosema, na huhitaji kuongezwa. Na hewa ya juu ya kegi ni nyepesi. Geji husoma tofauti kati ya ndani na nje, wakati bia hujali shinikizo zima lililo juu yake. Majedwali ya kutia gesi yameandikwa kwa watu wa usawa wa bahari. Anayekunywa Kawangware aongeze karibu pauni 3 kwa inchi ya mraba juu ya namba ya jedwali, ama bia yake itatoka kegini imepooza hata kama joto lote lililindwa sawasawa.